Mchagua jembe ndiye mkulima

Mhariri,

Wateja wangu wanaume wakitaka kunimaliza kwa maneno hunirushia methali moja tu: mchagua jembe si mkulima. Hunirushia wakiwa wamesimama mbele ya kaunta, mkono umeshashika drili kubwa ya kugonga ukuta, nami nimekataa kupokea pesa kabla hawajaniambia inakwenda kutoboa nini. Methali hiyo naiheshimu kwa mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Kwa mwenye nyumba ya mawe hapa Lamu naikataa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni mwanamke, nina duka la hadiwea Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Nauza misumari, skrubu, mabomba, rangi, chokaa, saruji na vifaa vya mkono. Kabla ya masika, na tena kabla ya Maulidi wageni wanapoanza kumiminika msikiti wa Riyadha, duka hujaa watu ambao mwaka mzima hawakushika nyundo. Wengi huja na kipande cha gazeti au picha kwenye simu yenye kichwa cha aina ya "vifaa vya lazima kwa kila nyumba". Orodha huwa ni ile ile: drili ya umeme yenye kugonga, grainda, pima maji ya mita nzima, mrija wa silikoni, na mfuko wa saruji wa kuzibia nyufa. Orodha si mbaya. Tatizo ni kwamba imeandikiwa nyumba ya matofali ya saruji, ukuta wa inchi sita, pembe zote mraba. Ukiichukua hivyo hivyo ukaipeleka Mkomani, mtaa wetu wa nyumba za kale za mawe, utavunja kwa siku moja kazi ya mwashi aliyekufa kabla babu yako hajazaliwa.

Ukuta wetu ni nini? Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa ndani ya chokaa na mchanga, unene wake karibu nusu mita, juu yake lipu ya chokaa. Hauna nondo, hauna saruji. Jiwe la matumbawe lina vitundu vitundu, na lile lililotolewa baharini ni laini kuliko lile la machimbo ya nchi kavu. Katika ukuta mmoja unaweza kukuta yote mawili, tena katikati yake kifusi na udongo. Sasa weka drili yenye kugonga hapo. Kinachotoboka ni shimo la ukubwa wa yai, kwa sababu mgongo wa lipu umeshaachana na jiwe tangu zamani na ulikuwa umejishikilia kwa huruma tu. Mteja anarudi dukani kununua plagi kubwa zaidi. Halafu anarudi kununua saruji. Kibiashara ni mteja mzuri sana.

Ninachowaambia ni hiki. Gonga ukuta kwanza kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa bisibisi, usikilize. Pakilia wazi, lipu imeachana, ondoka hapo. Pakilia zito, tia alama. Zima kile kitufe cha kugonga, tumia biti ya mawe iliyo nyembamba kwanza, mwendo wa polepole, kisha biti ya kipimo unachotaka. Toboa ndani ya jiwe, si katika maungo ya chokaa kati ya mawe. Na usijidanganye kwamba ukuta mnene unataka skrubu ndefu kama mkono. Rafu ya vikombe haihitaji zaidi ya sentimita sita au saba ndani ya jiwe zima.

Kuna na kifaa ambacho hakuna orodha inayokitaja: keekee ya mkono, ile ya kuzungusha. Mafundi wa majahazi wa Matondoni hadi leo utawakuta na keekee ya uta, wanatoboa ubao kabla ya kupiga msumari ili mti usipasuke. Hawafanyi hivyo kwa umaskini. Mkono unahisi mti, unajua ulipofika kwenye fundo, unajua ulipotoka upande wa pili. Katika ukuta wa matumbawe keekee ya mkono inakupa hisia hiyo hiyo, na stima ikikatika saa tisa mchana, kama inavyopenda, kazi yako haisimami. Nina keekee mbili dukani na zinakaa muda mrefu rafuni. Vijana wanaziona ni vitu vya makavazi.

Na kabla ya kutoboa chochote, tazama zidaka. Wazee wetu walijenga rafu ndani ya ukuta wenyewe, safu kwa safu, zikapambwa kwa lipu iliyochongwa kwa kisu kidogo ikiwa bado mbichi. Leo mtu anaziba zidaka kwa plaiwudi, anapaka rangi, kisha anakuja kwangu kununua rafu ya vioo ya kutundika juu ya plaiwudi. Huyo simuuzii drili. Namuuzia msasa na brashi laini, aende akazisafishe zidaka zake.

Nije kwenye saruji, maana hapo ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unapakiwa juu ya punda, unafika mlangoni kwako, unachanganya, unabandika, kesho pamekauka. Chokaa inataka subira: inalowekwa majini ikaiva kwa wiki kadhaa, na ikae zaidi ukiweza, inachanganywa na mchanga, inapakwa kwa tabaka nyembamba, inanyunyiziwa maji isikauke ghafla kwa jua, na ugumu wake unaupata polepole kutoka kwenye hewa. Naelewa kwa nini watu wanachagua saruji. Lakini ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu kutoka chini, na pamoja na unyevu huo chumvi. Chokaa inauacha unyevu utoke. Saruji inaufungia ndani. Unyevu ukikosa njia hupanda juu zaidi au hutokea upande wa chumbani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inaisukuma, na ukuta unaanza kutoa unga. Mteja anakuja: "Bi, ukuta wangu unatoka unga, nipa saruji nyingine." Namuuliza, ile ya kwanza ulibandika lini? Baada ya masika yaliyopita. Basi.

Kwa kazi ya chokaa vifaa ni vichache na havina bei kubwa. Mwiko mdogo wenye ncha wa kuingia kwenye maungo. Bao la kusawazishia, la mti, si la plastiki, kwa sababu la mti linaacha uso wa lipu ukiwa na mikwaruzo midogo inayoshika tabaka linalofuata. Brashi pana ya kunyunyizia maji, maana ukuta usipolowanishwa kabla utanyonya maji yote ya chokaa na kuiacha vumbi. Patasi nyembamba na nyundo nyepesi za kutolea saruji ya zamani. Hapa natilia mkazo neno nyepesi, kwa sababu nimeona watu wakiondoa saruji kwa nyundo ya kuvunjia mawe na kuondoka na nusu ya ukuta. Grainda ikae mbali kabisa. Ndoo zenye vifuniko, chokaa iliyoiva isikauke. Chekeche ya mchanga. Mchanga wenyewe usiwe wa ufukweni, una chumvi, wala usiende kuchota kwenye matuta ya Shela, ambayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vinavyonywesha mji huu. Nashangaa kwamba hili bado linahitaji kusemwa.

Halafu miwani ya kazi na glavu za mpira. Chokaa hai, ile ambayo haijalowekwa, ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto, na ikiruka jichoni inaunguza. Anayeloweka aimwage chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, asimwagie maji juu ya lundo la chokaa, na watoto wasiwe karibu. Ikimwingia mtu jichoni, aoshe kwa maji safi mengi bila kuacha kwa robo saa au zaidi, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Miwani hiyo ni bei ya chai na mahamri ya watu wawili. Ndicho kifaa ninachouza kidogo kuliko vyote.

Ngazi. Orodha zote zinasema nunua ngazi ya alumini. Ngazi ya kuegemeza ina kanuni yake: kwa kila mita nne za urefu, miguu ikae mita moja kutoka ukutani. Ukuta wa mita sita basi unataka mita moja na nusu chini. Nionyesheni ni vichochoro vingapi vya Mkomani vyenye nafasi hiyo ukiondoa baraza. Watu husimamisha ngazi wima kama mlingoti, wanapanda na ndoo ya chokaa mkono mmoja, na chini punda watatu wanakuja na mchanga. Punda haombi njia. Mafundi wa zamani walifunga jukwaa la boriti kwa kamba, miguu pande zote mbili za kichochoro, juu mbao, na mtu mmoja wa kusimama chini kusimamisha watu na wanyama. Kwa ukuta wa nje wa ghorofa ya pili hilo ndilo chombo, na si kazi ya mwenye nyumba bali ya mwashi anayejua kufunga. Ndani ya nyumba, ngazi ya miguu minne inayojisimamia inatosha, mradi usisimame kipago cha juu kabisa.

Kuhusu boriti za dari nitasema jambo moja tu. Zinaoza kwanza pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo macho hayafiki. Chukua bisibisi nyembamba, dunga karibu na ukuta. Ikizama bila kulazimishwa, mwite fundi kabla ya masika, wala usiongeze tabaka la saruji juu ya paa kuzuia mvua. Paa la mawe na chokaa tayari ni zito, na boriti iliyooza haibebi zaidi. Uchunguzi huo wa dakika moja umegharimu bisibisi, kifaa ambacho kila mtu anacho.

Milango sasa. Kila masika huja mtu na randa ya kukodi au kununua kwa sababu mlango umevimba, haufungi. Namwambia asubiri. Mti umenywa maji, ukiuranda sasa hadi ufunge kwa raha, kaskazi ikija mti ukikauka utakuwa na pengo la kupitisha paka. Kama hauvumiliki, randa kidogo sana pale panaposugua tu, palipooneshwa na alama ya chaki, kisha upake mafuta ule ubavu ulio wazi, maana hapo ndipo unyevu unapoingilia. Milango yetu ya kale ya kuchongwa haina bawaba za chuma. Inazunguka juu ya ncha za mti wenyewe zilizoingia kwenye kizingiti juu na chini. Kuna mtu alitaka kuutilia mlango wa namna hiyo bawaba za chuma za duka langu. Nilimwambia zimekwisha. Zilikuwa nyuma yangu ukutani, anaziona.

Kwa mti mgumu, mbambakofi au msaji au mvule, usikubali fundi apige skrubu ya shaba moja kwa moja. Shaba ni laini, itakatika kichwa na shina libaki ndani. Atoboe kwanza kwa biti nyembamba kuliko skrubu, apitishe skrubu ya chuma ya kipimo hicho hicho ili ichonge njia, aitoe, kisha aingize ya shaba aliyoisugulia sabuni kavu au nta. Na kwa nini shaba? Kwa sababu tunakaa kisiwani. Chuma cha kawaida hapa huanza kutu kabla hujamaliza kulipa deni lake, kutu inavimba, mti unapasuka, na doa jeusi linashuka mlangoni. Shaba au chuma kisichoshika kutu ni ghali, ndiyo. Nunua chache.

Sasa nizungumze na wanawake wenzangu, maana hao ndio wateja ninaowapenda na hakuna gazeti linalowaandikia mambo haya. Kuna nyumba nyingi hapa ambazo mume yuko baharini, au Mombasa, au Uarabuni. Bomba la chooni linavuja. Kumwingiza fundi mwanamume ndani ya nyumba yenye mwanamke na mabinti peke yao si jambo la kufanya hivi hivi: lazima kutafutwe kaka au mjomba wa kukaa naye, na kaka ana kazi zake. Kwa hiyo bomba linavuja wiki mbili, maji ya kulipia yanakwenda, ukuta unalowa. Kumbe kilichoharibika ni washa ya mpira ya ukubwa wa shilingi.

Mabibi hao hunitumia mtoto na kijikaratasi: "Bi, nataka kitu cha bomba." Kitu gani? Bomba gani? Nimewafundisha wengi wao sasa, wanafunga kile kilichoharibika ndani ya mfuko na kunitumia chenyewe. Nikikiona najua kama ni nusu inchi au robo tatu, kama ni uzi wa ndani au wa nje, kama kinachotakiwa ni washa, au tepu nyeupe ya kuzungusha kwenye uzi wa bomba, au koki nzima. Kipimo kwa maneno ya mtoto wa miaka minane kimeniudhi mara nyingi. Tumeni kitu chenyewe.

Sanduku ninalowafungia ni hili. Bisibisi mbili, moja ya bapa na moja ya msalaba, zenye mipini ya kushikika kwa mkono uliolowa. Koleo. Spana moja ya kurekebisha mdomo, ile ambayo mafundi wanaiita kwa jina nisiloweza kuliandika gazetini. Nyundo ndogo ya gramu mia tatu au zaidi kidogo, kwa sababu nyundo nzito mkononi mwa asiyezoea inaumiza kidole na lipu kwa pamoja. Futi kamba. Tupa moja na msasa wa aina mbili. Mwiko mdogo. Tepu ya mabomba na washa za kipimo cha mabomba ya nyumba ile. Kopo la mafuta ya cherehani. Miwani na glavu. Na tochi ya kufunga kichwani, kwa kuwa chumba cha ndani cha nyumba ya mawe kina giza hata adhuhuri, na mtu anayeshika tochi kwa meno huku akifungua koki hafiki mbali. Seti nzima haifikii bei ya ile drili kubwa.

Kabla hujafungua bomba lolote, funga maji kwanza kwenye koki kuu. Najua inachekesha kusema. Ukiona mtoto anakimbia dukani analia na kanzu imelowa mwili mzima, huchekeshwi tena.

Testa ya umeme siiweki kwenye sanduku hilo kwa makusudi. Ile taa ndogo ndani ya bisibisi inampa mtu ujasiri asiostahili. Nyumba nyingi za zamani nyaya zake zimepitishwa juu ya lipu, zimeunganishwa na watu tofauti kwa miaka tofauti, na volti 240 hazina mwenyewe. Badilisha balbu, zima swichi kuu ukiona kitu kinanuka, basi. Vingine ni vya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na mwambie akuonyeshe leseni. Kaka akae naye.

Nirudi kwa wanaume wangu wa drili kubwa, nisiwaonee. Wapo wanaohitaji umeme kweli, hasa wanaojenga kwa matofali huko Kashmiri na Wiyoni. Kwa hao nina mawili. Kwanza, waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote kabla ya kuchomeka kifaa kikubwa. Ukiachwa umejiviringa unapata joto na unaweza kuyeyuka, hata kama kifaa ni kizima. Pili, ile seti ya vipande mia moja ndani ya sanduku la plastiki la rangi ya kung'aa, inayouzwa kwa bei ya koleo moja zuri. Naijua. Nililetewa niiuze, na mwenye kuleta hakuwa na jibu nilipomuuliza alama ya KEBS, shirika la viwango, iko wapi. Bisibisi zake zinajipinda kwenye skrubu ya kwanza iliyokaza, na zikishapinda zinakula kichwa cha skrubu, na skrubu isiyo na kichwa ndani ya mlango wa msaji ni msiba. Vipande mia moja ambavyo tisini na tano hutavishika maishani mwako. Nunua bisibisi moja nzuri mwezi huu, koleo mwezi ujao. Mimi sina haraka.

Vifaa vizuri navyo vinakufa Lamu visipotunzwa. Hewa ya bahari haingoji. Ukimaliza kazi futa, pitisha kitambaa chenye mafuta, weka ndani ya sanduku, si chini ya ngazi ya uani pale mvua inaporukia. Mwiko wa chokaa uoshwe kabla chokaa haijaganda. Patasi na randa zinolewe: patasi butu inataka nguvu, nguvu inateleza, na hospitali ya kaunti inajua mwisho wake.

Nasikia watu wakisema hatuna uwezo wa kununua vyote hivi kila nyumba. Sahihi, wala haifai. Randa, juba, timazi, keekee, jukwaa, hivi havina haja ya kuwa katika kila nyumba. Mtaa mmoja ukiwa na seti moja inayokaa kwa mtu mwaminifu, inayoandikwa daftarini ikitoka na ikirudi, inatosha. Leo tunaazimana, lakini bila daftari, na ndiyo maana majirani wawili ninaowajua hawasalimiani kwa ajili ya msumeno. Msikiti una ngazi, shule ina ngazi, na zote hulala mwaka mzima. Hata vijana wanaohitimu useremala na uashi vyuoni hutoka na cheti cha majaribio ya ufundi bila hata mwiko, wanakuja kuniuliza kama nitawakopesha. Huwakopesha wale ninaowajua mama zao. Anayegawa basari za kaunti angefikiria sanduku la vifaa pamoja na karo, lakini hilo ni la barua nyingine.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mabadiliko makubwa ya nyumba ndani ya eneo hilo yanataka idhini. Watu huilalamikia ofisi ya uhifadhi kwa ukali wake kuhusu madirisha na ghorofa za kuongeza. Lakini hakuna ofisi inayoweza kusimama nyuma ya kila mtu anayeziba ufa jikoni kwake Jumapili asubuhi. Ufa huo, na ule wa jirani, na wa jirani yake, ndio mji.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa nyumba uandike angalau mara moja, kabla ya masika, jinsi ya kutengeneza nyumba ya mawe na chokaa. Msitume mwandishi kwangu. Atumwe kwa waashi wazee wa Mkomani, akae nao barazani, aandike wanashika nini mkononi na kwa nini. Wapo bado, ingawa wengine hawapandi jukwaa tena. Picha iwe ya mwiko na bao la mti, si ya mzungu mwenye drili anayetabasamu.

Nami chokaa yangu iliyoloweka tangu kaskazi ilipoanza imeiva, iko kwenye mapipa nyuma ya duka, mje na ndoo zenu zenye vifuniko. Hayo ya mwisho ni tangazo, Mhariri. Ukitaka, yakate.

Muuza Misumari,
Langoni, Lamu